Msiba wa Mama Mikate

Shangazi yangu hajui kuangalia televisheni kimya. Anaangalia kama mzee wa baraza la kata: anasikiliza pande zote, anauliza maswali, halafu anatoa hukumu. "Huyu mwanaume mwongo, mtazame anavyokwepa macho." "Binti, hiyo chai usinywe, wifi yako ametia kitu." Wakipuuza ushauri wake, na siku zote wanaupuuza, anasonya mpaka jirani wa upande wa pili wa ukuta anauliza kumetokea nini. Mimi nimelelewa humo. Nilitoka Bujora kwa baba na mama nikiwa darasa la tano, nikaja kusoma Mwanza, nikakaa kwa shangazi Kirumba, katika nyumba iliyobanwa na mawe mawili makubwa mpaka antena ikabidi tuifunge juu ya jiwe. Kwa hiyo siku tamthilia ilipokaa mlangoni kuzuia posa yangu, nilikasirika, lakini sikushangaa.

Ilikuwa moja ya zile za ng'ambo zinazotiwa sauti za Kiswahili. Mhusika mkuu alikuwa mwoka mikate katika mji fulani wa pwani huko kwao, mjane, aliyewalea watoto watatu wa marehemu dada yake. Jina lake halisi lilitushinda kutamka, tukamwita Mama Mikate. Shangazi alimpenda kupita kiasi, na sababu kila mtu aliijua. Yeye naye hakujaliwa mtoto. Alitulea sisi watoto wa kaka zake, watano kwa zamu, kwa dagaa anaouza soko la Mwaloni. Mama Mikate akinyang'anywa tanuri na shemeji zake, shangazi anakosa usingizi, na kesho yake wateja wa dagaa ndio wanaosimuliwa.

Kwetu tamthilia zina njia mbili za kuliwa. Kuna sisi wa kusubiri, tunaokula kipande kimoja kila jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa, halafu Jumamosi saa tisa mchana wanarudia wiki nzima kwa ajili ya waliokuwa kazini, na shangazi anaangalia tena yote. Na kuna watu wa flashi. Hawa wanakwenda kibandani kwa wauza filamu, wanaingiziwa yote tangu mwanzo hadi mwisho, wanajifungia ndani siku mbili, wanatoka macho mekundu na wanajua kila kitu. Shangazi hana haja nao. "Walafi," anasema, "wanapakua ugali haujaiva." Lakini hata walafi wana adabu yao: aliyeangalia mbele anafunga mdomo. Ukimwona ameanza kutabasamu peke yake, unamtoa sebuleni.

Sasa, mchumba wangu ni Mhaya, fundi wa injini za boti. Baba yake alifariki angali mdogo, akalelewa Sengerema na baba yake mdogo, mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Mzee huyo ndiye angekuwa msemaji wao siku ya kuja kujitambulisha kwetu. Nilishaonana naye mara mbili. Shati limenyooka, kalamu mbili mfukoni mpaka leo, na ukikosea ngeli anakurekebisha huku anakukaribisha chai. Mke wake alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Tangu hapo, mchumba wangu aliniambia, mzee amekuwa mtu wa televisheni: anaiwasha akiamka, anaizima akilala, na ukimpigia simu kumjulia hali anakusimulia filamu.

"Mtaelewana tu," mchumba wangu akasema. "Yeye na shangazi yako watazungumza lugha moja."

Nikaona ni heri. Kumbe!

Lazima nieleze jambo moja ili mjue nilikuwa nimesimama wapi. Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Shangazi alishawakataa wawili kabla ya huyu: wa kwanza kwa kuwa alicheka kabla ya kusalimia, wa pili kwa kuwa alishika simu mezani. Baba yangu ni mpole, mtu wa ng'ombe na maneno machache, na kwa habari yangu msimamo wake ulikuwa mmoja: "Dada akishasema, na mimi nimesema." Na taratibu za siku ile ziko hivi. Wageni wanaketi, wananywa soda, wanaulizwa wamefuata nini. Msemaji wao anajieleza. Binti yuko jikoni, haonekani. Kisha shangazi anamwita binti na kumuuliza mbele ya watu, "Unawafahamu hawa?" Akijibu "Nawafahamu," basi, mambo yameiva. Asipoulizwa, hakuna kilichotokea, wageni wamekuja kunywa soda. Mimi wiki nzima nilikuwa nafanyia mazoezi neno moja tu. Nilikuwa nalisema kiwandani nikikata minofu ya sangara, nalisema bafuni. Nawafahamu. Nisilitamke kwa pupa, nisilitamke kwa kuringa.

Waliahidi saa sita. Enzi hizo daraja lilikuwa bado, unavuka kwa kivuko, na Jumamosi ile foleni Busisi ilikuwa ya kukatisha tamaa. Wakatokea Kigongo wamechelewa, wakafika kwetu saa tisa kasoro dakika tano. Mama yangu, aliyekuja na baba kutoka Bujora na sasa yuko nami jikoni, akatazama saa ya ukutani kisha akanitazama mimi.

"Wamekuja saa ya wifi," akasema.

Nikachungulia kupitia pazia. Baba yuko kwenye kiti chake, mchumba wangu amekaa kwenye ncha ya kochi kama mtu wa usaili, mzee ametulia na koti lake. Salamu zimekwenda vizuri, soda zimefunguliwa. Shangazi akawapa pole za safari kwa heshima zote, halafu akawasha televisheni.

"Mtanisamehe," akasema. "Huyu mama leo analazwa hospitali. Akishapata kitanda tutazungumza."

Mzee akaitazama ile picha. Nilimwona uso unavyobadilika, kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani stendi. Akaweka chupa ya soda mezani.

"Aa, huyu mama mwoka mikate," akasema. "Huyu si anakufa."

Jamani!

"Unasemaje?" shangazi akauliza.

"Anakufa. Mwisho kabisa. Hatoki hapo hospitali."

Mama yangu akakaa chini kwenye ndoo iliyofunikwa. "Mzee wa watu amekwisha," akaninong'oneza.

Mchumba wangu akajaribu kuokoa. "Shangazi, baba mdogo anatania tu."

"Sitanii," mzee akasema. Ualimu ulishampanda. "Tulikuwa nayo yote kwenye flashi. Na isitoshe, mama, hayo ni maigizo."

Bora angeishia kwenye kifo. Shangazi akasimama, akajifunga vizuri kanga kiunoni.

"Maigizo? Mimi na hayo maigizo tuna miezi minane. Na hata kama ni maigizo, mwalimu, sisi hapa tunajua kifo kinavyoletwa. Mtu anaketi. Anaomba maji. Anauliza wakubwa wapo. Halafu anaanza mbali. Wewe umetua maiti sebuleni kwangu kama unatua gunia la mihogo! Tena siku ya posa! Posa na kifo havilali nyumba moja. Nendeni salama, mkaendelee na maigizo yenu."

Nikataka kutoka. Mama akanivuta sketi. Binti hatoki mpaka aitwe, hata nyumba ikiungua. Nikabaki nimeshika pazia, machozi ya hasira yananitoka, neno langu moja limenikaa kooni. Miaka thelathini na moja, na mume ananiponyoka kwa ajili ya mwanamke wa kwenye kioo ambaye hata jina lake hatuwezi kulitamka!

Ndipo baba yangu, ambaye tangu asubuhi hajasema kitu zaidi ya "karibuni", akakohoa.

"Kama ni msiba," akasema, "msiba una utaratibu wake. Aliyeleta habari anarudi kukaa na wafiwa."

Shangazi akamtazama kaka yake. Akaketi.

"Kweli," akasema. "Mtarudi. Siku ya mwisho ya tamthilia mje, tukae wote tuone. Akifa, mtanipa pole kama watu, tutamaliza msiba, ndipo mniambie mlifuata nini."

"Na asipokufa?" mchumba wangu akauliza, kwa sauti ndogo.

"Asipokufa, huyu mwalimu atanieleza habari za kifo alizipata wapi."

Mzee akainuka, akafunga kifungo cha koti. "Nitakuja," akasema. Wakaondoka, chupa ya soda ya mchumba wangu imebaki nusu.

Ilibaki wiki tano tamthilia iishe. Wiki tano hizo sitazisahau, maana mji mzima ulikuwa na maoni. Shangazi mwenyewe ndiye aliyetangaza. Jumatatu nilipompelekea chakula Mwaloni, nikakuta wauza dagaa wenzake wamemzunguka wanampa pole.

"Tumesikia," wanasema. "Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

"Asanteni," shangazi anaitikia, mikono iko ndani ya dagaa. "Lakini bado hatujathibitisha."

Kiwandani kwetu tuligawanyika. Tunasimama meza ndefu, mabuti meupe, kofia za plastiki, visu vinakwenda, na midomo inakwenda kuliko visu. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, aliyekulia kwenye mabanda ya video, na imani yake ilikuwa ile ya zamani: stelingi hafi. "Stelingi anapigwa, anafungwa, anatupwa ziwani," anasema, "lakini hafi. Akifa, pesa zetu za kiingilio zilikuwa za nini?" Aliyesimama mbele yake alikuwa msichana wa juzi juzi, kucha ndefu ndani ya glovu, akimcheka. "Hiyo ilikuwa enzi zenu, mama. Siku hizi stelingi wanamuua ili watu walie, wakishalia wanatengeneza sehemu ya pili." Wengine wakasema Mama Mikate akifa watoto watajuta na hilo ndilo fundisho. Mwingine akasema fundisho gani, mtu mwema auawe ili wapumbavu wajifunze? Huyo nilimuunga mkono kwa sauti kubwa, mpaka msimamizi akaja kutukumbusha kwamba minofu haitaki mate. Hawakujua mimi nina nini humo. Wao walikuwa wanabishania filamu. Mimi nilikuwa nabishania harusi yangu.

Kwa simu nikagombana na mchumba.

"Mwambie mzee wako aombe radhi, yaishe."

"Nimemwambia. Anasema mwalimu haombi radhi kwa jibu sahihi."

"Basi aoe yeye!"

Nikakata. Nikapiga tena baada ya robo saa, maana nampenda, na pia nilikuwa sijamaliza kumsema.

"Lakini hivi," akaniambia safari ile, taratibu, "mimi sikumwona akiangalia ile tamthilia. Waliangalia yeye na mama mdogo, mwaka ule anaumwa. Mama mdogo hakutaka kusubiri kila jioni. Akamtuma mzee akaitie kwenye flashi. Tangu mama mdogo afariki, mzee anaangalia kila kitu, lakini ile flashi hajaigusa."

Nikasema haya, usiku mwema, ingawa ilikuwa saa kumi jioni.

Wiki ya mwisho uvumilivu ukaniishia. Nikitoka kazini napita mbele ya kibanda cha filamu, siku zote napita. Siku hiyo nikasimama. Mwenye kibanda ni kaka mmoja mnene, mcheshi, mwenye maoni juu ya kila filamu iliyopata kutengenezwa duniani.

"Ya Mama Mikate unayo yote?"

"Mpaka mwisho, dada. Lete flashi, dakika tano tu."

Nikaitoa mfukoni, nikamnyooshea, yeye akanyoosha mkono wake. Hapo ndipo akili ikaanza kunisumbua. Nikijua, itanisaidia nini? Akiwa amekufa, shangazi atalia, na shangazi akilia anaweza kuchukia kila aliyekuwepo, nami harusi yangu itakuwa imezaliwa matangani. Akiwa amepona, mzee ataumbuka mbele ya wakwe, na mzee wa Kihaya aliyeumbuka haoni mlango wa kurudia. Kote kubaya. Tena nitakaa jikoni najua, na mimi uso wangu hauna siri.

"Vipi, dada?"

"Niwekee nyimbo za kwaya," nikamwambia.

Ijumaa ikafika. Sehemu ya mwisho ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Shangazi alitandika mkeka sebuleni, akavaa kanga mbili kama za msibani, makochi yamesogezwa ukutani. Baba alikuja tena na mama kutoka Bujora. Mimi na mama tukaingia jikoni kukanda unga wa chapati, kwa sababu msiba au posa, watu watakula. Safari hii pazia tulilifunga nusu, niione televisheni na wageni wote wawili.

Walifika mapema, kabla hata ya saa kumi. Mzee alikuja na mkungu wa ndizi na pakiti ya kahawa ya kutafuna, ile ya kwao, akampa shangazi kwa mikono miwili. Shangazi akapokea, akaweka punje chache kwenye kisahani, akakisogeza katikati ya mkeka. Wakatafuna kimya kama watu wazima waliogombana.

Tamthilia ikaanza. Mama Mikate kitandani, mabomba puani. Watoto watatu ukumbini wanalaumiana, na shangazi, pamoja na kanga zake za msiba, akashindwa kujizuia: "Saa hizi ndiyo mnamjua mama? Mlikuwa wapi aliponyang'anywa tanuri?" Mzee akaitikia kwa kichwa. "Huyo mkubwa ndiye mbaya zaidi," akasema. "Kweli mwalimu," shangazi akasema, kisha akakumbuka kwamba wamegombana, akanyamaza.

Daktari akatoka. Akavua miwani. Tangazo la sabuni. Hilo tangazo nalichukia mpaka leo. Likaisha, picha ikarudi: dirisha, pazia linapepea, na kitanda. Kitanda kitupu. Shuka limetandikwa, limenyooka, hakuna mtu.

"Mungu wangu," shangazi akasema. Akajifunika uso kwa kanga.

Mama akaniangukia begani. Mimi mwenyewe nikasahau ndoa, nikasahau kila kitu, nikamlilia mwanamke yule.

Mzee akainuka. Alikuwa amesema atatoa pole kama watu, na alikusudia kutimiza. Akasimama mbele ya shangazi, mgongo umeielekea televisheni, akavua kofia, akaanza kwa mbali, kama alivyofundishwa siku ile.

"Mama. Wakubwa wa nyumba hii. Tulikuja hapa wiki tano zilizopita na habari nzito, tukaileta vibaya. Leo tumerudi kukaa nanyi. Mama huyu aliishi vizuri. Alilea watoto ambao hakuwazaa, na hakuna kazi kubwa kuliko..."

"Mwalimu," baba akasema.

"...kuliko hiyo. Nasi tunajua, kwa kuwa hata sisi..."

"Mwalimu, geuka."

Kwenye kioo mlango wa duka la mikate ulikuwa unafunguliwa kwa ndani. Mama Mikate alikuwa amesimama pale, amekonda, aproni imemzidi, unga mikononi mpaka kwenye viwiko, anawacheka wanawe waliokuja kufunga duka.

Kelele zilizopigwa humo! Shangazi alirusha kanga. Mama yangu alipiga kigelegele jikoni, wa kumzuia hakuna. Jirani akagonga ukuta kuuliza, shangazi akamjibu kwa kupiga kelele, "Amepona! Alitoroka hospitali!" Mchumba wangu akacheka mpaka akalala mkekani. Nami nilikuwa naruka, mpaka nilipomwona mzee.

Alikuwa amesimama palepale, kofia mkononi, anaangalia. Majina ya waigizaji yalianza kupanda kwenye kioo, naye anaangalia. Mmoja mmoja tukageuka kumtazama.

"Tulizima kwenye kitanda," akasema.

"Nani?" shangazi akauliza.

"Mimi na mke wangu. Kilipotokea kile kitanda kitupu, akaniambia, zima mwalimu, sitaki kuona. Nikazima." Akaketi mkekani, mzito, mkono mmoja chini. "Yeye mwenyewe alikuwa amebakiza kama wiki mbili. Akasema, basi, na huyu amekwenda. Nikamwambia ndiyo, amekwenda. Miaka thelathini na nne nawachapa watoto wa watu: soma habari mpaka mwisho ndipo ujibu maswali. Mpaka mwisho! Zilibaki dakika tano, mama. Dakika tano tu, angemwona."

Mchumba wangu alikuwa ameinama, anakuna mkeka kwa kidole.

Shangazi akachukua rimoti, akazima televisheni. Katika maisha yangu yote sijawahi kumwona akizima kabla majina hayajaisha. Akajisogeza mkekani mpaka alipoketi mzee, akamshika mkono kwa mikono yake miwili yenye harufu ya dagaa isiyotoka hata kwa ndimu.

"Pole sana, mkwe," akasema.

Mama akanifinya kiuno, kwa nguvu. "Umesikia alivyomwita?" Nilisikia.

"Asante, mama," mzee akasema. Kisha na yeye akasikia alivyoitwa, akainua uso.

"Leo huvuki," shangazi akaendelea, sauti yake ya kawaida imerudi, ile ya kuamuru. "Utalala hapa. Kesho saa tisa wanarudia, tutaangalia tena, na safari hii mpaka mwisho. Ukitaka kulia utalia, hapa hakuna wa kukucheka. Mimi mwenyewe nitalia." Akavuta kanga yake kutoka chini, akajitanda vizuri, akaketi wima. "Haya sasa. Siku ile sikuwauliza. Mlifuata nini?"

Mzee akafuta miwani yake kwa shati. Halafu akasimama, akaweka koti sawa, na Kiswahili kilichotoka pale ndicho nilichokuwa nakisubiri tangu siku ya kwanza, kimenyooka kama shati lake. Alisema wao ni watu wa migomba, wana kijana wao anayejua injini lakini hajui kupika, wameona kuna jiko linalowaka vizuri katika nyumba hii, nao wamekuja kuomba moto.

Baba akatabasamu. Shangazi akaniita.

Nikatoka kama nilivyo, sikukumbuka hata kunawa. Nilipofika mlangoni mzee akaitazama mikono yangu, imejaa unga wa chapati mpaka kwenye viwiko, akaanza kucheka, na huku anacheka machozi yanamtoka, wala hakuyafuta.

"Unawafahamu hawa?" shangazi akaniuliza.

"Nawafahamu," nikasema. Lilitoka kwa pupa, mazoezi yote yalipotea.

Nikapiga goti mbele ya mzee, nikamwambia shikamoo. Marahaba yake ilichelewa, lakini ilifika.